Pikapu inayokohoa ukiiendesha kwa adabu

Kwanza niseme mapema, mi sio fundi, mi mtu wa mizigo midogomidogo tu hapa Tanga, leo mifuko ya simenti, kesho machungwa, keshokutwa mtu anahama Makorora anaenda Kange na kabati lake na kuku wake, na chombo changu ni Hilux ya mwaka 1990 aliyoniachia marehemu baba. Petroli, kabureta, injini ile wanaita 22R, cc 2366, haina kompyuta hata moja ndani, na kila wiki lazima atokee mtu wa kuniambia uza hiyo bwana ununue Canter ya dizeli. Nawasikia. Ila gari hii ndo imenisomesha na ndo iliyombeba baba kwenda makaburini, siiuzi, hayo tuyaache.

Sasa tangu mwezi wa tano ikaanza tabia. Natoka mjini vizuri, Kange vizuri, Pongwe vizuri, nikishapita Pongwe barabara inafunguka naweka gia ya tano, nafika 75, 80, mguu naulaza kidogo tu kushikilia mwendo, na hapo ndo inaanza kukohoa. Inashtuka kama mtu kamwagiwa maji ya baridi, inaachia, inashika, inaachia, inashika, shingo inaenda mbele inarudi nyuma, afu ukikanyaga mafuta kwa hasira inaamka inaondoka kama hamna kilichotokea. Ukirudisha mguu ukatulia, haoo, imeanza tena. Na ukiipaki sasa, we iwashe, iache ingurume chini ya mwembe hata nusu saa, haimisi, yani haishtuki, hata mara moja. Unamwita fundi aje asikilize, anasikiliza gari, afu anakuangalia wewe.

Kila niliyemuuliza akasema mafuta. Mafuta machafu, au hayafiki, au yanafika lakini kidogo, au kabureta imeziba. Na mi nikaamini maana kweli ilivyokuwa inafanya ni kama gari inayoishiwa mafuta, ule mshtuko wa kutaka kuzima afu inajirudi. Basi tukaanza safari ya kununua. Plagi nne, tukaziweka uwazi wa milimita 0.8 kama inavyotakiwa, 32,000. Waya za plagi 45,000. Kofia ya distributa, kile chombo kinachogawa cheche kwa plagi, na rota yake inayozunguka ndani, 35,000. Filta ya mafuta 8,000, hiyo sijutii, ile ya zamani ukiipuliza unatoka kizunguzungu. Tanki likashushwa likaoshwa, ikatoka kutu kikombe kizima, nikasema sasa tumempata mchawi, 40,000 ya kazi. Kabureta ikafunguliwa jeti zote, vile vitundu vya kupitisha petroli, zikapulizwa, 50,000. Mwisho pampu ya mafuta, hii ya kusukumwa na injini yenyewe, 75,000. Jumlisha mwenyewe, mi nilijumlisha usiku mmoja kwa simu nikapata 285,000 nikaizima simu nikalala.

Kilichonichanganya ni kwamba kila baada ya matengenezo nilikuwa naona kama imepona. Siku moja, mbili, safi. Afu inarudi. Nikawa nawaza labda kitu kinaziba taratibu, uchafu unajikusanya tena kwenye jeti, na fundi nae anasema ndivyo bosi, tanki la zamani hili haliishi uchafu, tuweke tanki la plastiki nyuma huku. Kumbe hakuna kilichokuwa kinapona. Nilichokuja kukumbuka baadae ni kwamba kila nikitoka gereji nilikuwa nabeba mzigo siku hiyohiyo ili nirudishe hela niliyotumia, na gari ikiwa na mzigo ilikuwa haikohoi. Ila hapo sikuwa nimeliona hilo.

Aliyeliona ni shangazi.

Shangazi yangu yuko Muheza, na kwa wasiojua, Muheza ndo machungwa, kuanzia mwezi wa sita hivi ukipita pale kila kona kuna chungu la machungwa na kila mtu ana undugu na mwenye shamba. Msimu huu nilikuwa namletea mzigo wake soko la Mgandini, tunashusha, anauza, jioni namrudisha kwao na matenga matupu. Ni kilomita kama 35 tu kwenda. Sasa jioni moja tunarudi, mi nimechoka, naendesha taratibu zangu, sabini na kitu, gari ikaanza ugonjwa wake, shangazi kanyamaza kama dakika tano hivi huku kichwa kinamnesanesa, afu akasema, mwanangu, hivi mbona asubuhi tulivyokuja na machungwa gari lako lilikuwa kimya? Sasa hivi halina mzigo, unaendesha kwa adabu, ndo linakohoa.

Nikataka kumjibu nikakosa jibu. Kweli bwana. Asubuhi tulikuwa tumejaza mpaka springi zimenyooka na haikukohoa hata kidogo. Nikaanza kurudisha kichwa nyuma safari zote za wiki ile, kwenda na mzigo kimya, kurudi mtupu kikohozi. Kupanda kilima kimya, tambarare kikohozi. Kuna siku nilikuwa nakimbiza mgonjwa hospitali ya Bombo usiku, nilikanyaga vibaya mno, kimya. Nikamwambia shangazi yani gari hii inapenda kuteswa. Akacheka, akasema basi tukifika kamsalimie yule babu wa jirani, alikuwa fundi wa mashine na magari ya mashamba ya mkonge huko zamani kabla macho hayajamsumbua, anakaa tu pale kibarazani hana wa kuongea nae.

Nikaenda. Shikamoo babu, marahaba, kaa, nikakaa, akaitisha kahawa. Babu hakuinuka hata kuiangalia gari. Aliniuliza maswali manne tu, na mi naona alikuwa anafurahia. Ikisimama inamisi? Haimisi babu. Ukipanda kilima na mzigo? Haimisi. Ukikanyaga mpaka chini? Haimisi, inapona kabisa. Ukilaza mguu tambarare? Hapo ndo inaanza. Akanywa kahawa yake. Akasema, sasa we uliambiwa inakosa mafuta na nani? Mwenye njaa utamjua ukimtwisha gunia, sio akiwa amejilaza mkekani. Mafuta yakiwa hayatoshi gari inakufa kwenye kilima, pale inapokunywa sana. Yako inakufa pale inapokunywa kidogo kuliko wakati wowote. Hebu nenda kwenye distributa, pembeni yake kuna kopo la bati, mviringo kama kifuniko cha kiwi, lina mpira mwembamba unatoka kwenye kabureta. Uchomoe huo mpira, uuzibe kwa msumari au bolti ndogo, urudi nao Tanga hivyohivyo. Ikikohoa njoo unitukane.

Nikauchomoa kwa mwanga wa simu, nikauziba kwa bolti ya namba nane niliyoikuta kwenye dashibodi (ile bolti sijui hata ilitoka wapi, gari za zamani huwa zinazaa bolti), nikamuaga shangazi nikaondoka.

Gia ya tano, 80, mguu umelala. Kimya. Nikawa nasubiri tu, unajua ile unasubiri mtu aseme kitu kibaya, mpaka Pongwe kimya, nikapunguza nikaongeza, nikajaribu 70, nikajaribu 85 hapo nikakumbuka watu wa tochi nikarudi 80, kimya kabisa. Nilifika Kange naimba. Miezi mitatu na 285,000, na dawa ilikuwa bolti moja ya bure.

Asubuhi nikampelekea habari fundi wangu wa siku zote, nae akafurahi kweli, akasema sasa si imepona, iache hivyohivyo bosi, gari nyingi tu zinatembea hivyo mpira umezibwa. Na ni kweli zinatembea. Mi mwenyewe niliiacha hivyo kama wiki mbili. Ila ikawa nzito, yani sio kwamba inakohoa, imekuwa mvivu tu, ukitulia tambarare unaona kabisa lazima uongeze mguu kidogo kuliko zamani, na Muheza kwenda na kurudi nilikuwa nimezoea kuchoma lita nane au tisa hivi ikawa inapita kumi. Ukibeba hela ya petroli ya mwezi mzima hilo sio jambo la kuacha. Na jingine, babu hakuniambia hiyo ndo dawa. Aliniambia nijaribu. Nikampigia shangazi akampelekea babu simu, babu akasema kopo halina kosa, kosa ni kile linachokivuta, sasa jifunze mwenyewe, akakata.

Basi nikajifunza. Baba aliacha kitabu cha hii injini kwenye sanduku, kurasa zimeshikana kwa grisi, na nikakaa nacho Jumapili nzima pale nyumbani Mikanjuni. Nawaeleza kwa lugha yangu nilivyoelewa. Distributa kazi yake ni kugawa cheche kwa plagi kwa zamu, kwa injini hii ni 1, 3, 4, 2, na cheche inatakiwa ipige kabla pistoni haijafika juu kabisa, kwa sababu mchanganyiko wa hewa na petroli hauwaki mara moja, unachukua muda kidogo. Ukiwa umekanyaga sana, mchanganyiko unaoingia kwenye silinda ni mwingi na umebanana, unawaka haraka. Ukiwa umelaza mguu, unaoingia ni kidogo, umetawanyika, unawaka polepole, kwaiyo cheche inatakiwa iwahi zaidi ili moto umalize kazi kwa wakati. Sasa nani anaiambia cheche iwahi? Ndo lile kopo. Ndani yake kuna ngozi ya mpira, na ukiwa unaendesha kwa mguu mwepesi kabureta inavuta hewa kwa nguvu kupitia ule mpira mwembamba, ngozi inavutwa, inavuta kijiti, kijiti kinazungusha kibamba kilichoko ndani ya distributa, cheche inawahi. Ukikanyaga sana, mvuto unapotea, kibamba kinarudi. Ukisimama injini inanguruma tu, mpira huo hauna mvuto pia kwa sababu tundu lake kwenye kabureta liko juu kidogo ya kile kipepeo, yani kibati kinachofungua njia ya hewa ukikanyaga mafuta, kipepeo kikifunga tundu linabaki upande usiovutwa. Ona sasa. Kitu kwenye mambo ya cheche kinachofanya kazi tambarare mguu mwepesi, na kinapumzika ukisimama, na kinapumzika ukipanda kilima, ni hicho. Shangazi aliisema yote hii kwa sentensi moja na mi nilikuwa nanunua pampu.

Lakini kibamba kuzunguka kunaletaje kikohozi? Kitabu kikasema juu ya kibamba kumekaa kikoili kidogo chenye sumaku, ndo kinachohisi meno ya nyota ya chuma inayozunguka katikati yakipita na kutoa ishara ya cheche. Hizi gari zilizotoka na ignita, kile kisanduku cha umeme kinachopokea ishara hiyo na kutoa cheche, hazina pointi kama za wazee, zina hiki. Na kwa jina la kitabu kinaitwa pikapu koili, yani pikapu inaumwa pikapu, nilicheka peke yangu. Kikoili hicho kina waya mbili nyembamba zinazotoka nje, na kwa kuwa kikoili kinazunguka na kibamba, waya zinakunjwa na kukunjuliwa kila unapolaza mguu na kila unapokanyaga. Miaka 30 na zaidi. We chukua waya uukunje kila siku miaka 30.

Jaribio lenyewe la kwanza nililifanya kwa mdomo. Nikawasha gari, nikachomeka mpira mfupi kwenye kopo, nikaweka mdomoni nikanyonya. Najua inavyosikika. Watoto wa jirani wakakusanyika, mmoja akapiga kelele baba fulani anakunywa petroli kwa mrija. Ila nilivyonyonya injini kwanza ikabadilika sauti ikapanda kidogo, inavyotakiwa, nikanyonya zaidi, pwaa, ikashtuka. Nikaachia, ikatulia. Nikanyonya, ikashtuka. Nikaziba mpira kwa ulimi, ikabaki inakohoa kikohozi kilekile cha Pongwe, pale uani, gari haijasogea hata hatua. Na ule mvuto ulikaa haukuvuja, maana yake ngozi ya kopo nzima, babu alikuwa sahihi. Miezi mitatu nilikuwa nawapigia magoti mafundi waje nae barabarani wasikie na kumbe ningeweza kuwasikilizisha wamekaa kwenye ndoo.

Jaribio la pili tesa, kile kipimo cha umeme. Nikazima, nikachomoa ile plagi ya waya mbili inayotoka kwenye distributa, nikapima kati ya waya na waya. Kitabu kinataka omu 140 mpaka 180, yangu ikasoma 160 na kitu, safi kabisa. Na hapo ndo mtu anaweza kupotea, maana ukipima hivyo ukaishia hapo unasema koili nzima unaenda kununua kitu kingine. Nikanyonya mpira huku naangalia tesa. 160, 160, afu ikaandika ile 1 upande wa kushoto, yani njia imekatika. Nikaachia, 160. Waya mmoja umekatika ndani ya ganda lake, ukinyooka nyuzi zinaachana, ukilegea zinagusana. Ukiwa barabarani zikiachana cheche zinakosekana gari inashtuka, kwa ule mshtuko zinagusana tena inashika, ndo ile achia shika achia shika. Hata kuwaka na kuzima kwake sasa nilikuwa naielewa.

Nikaulizia bei ya distributa nzima. Mpya hamna, ya kuchomoa kwenye gari iliyolala wanataka 250,000 na nae atakuwa ana waya wa umri uleule, kwaiyo nanunua ugonjwa wangu mwenyewe. Koili peke yake niliambiwa niagize Dar nisubiri. Fundi wangu akasema anaweza kuunga kwa kusokota afu anafunga gundi ya umeme. Hapo nilikataa, samahani yake, ila waya unaokunjwa kutwa nzima ukiusokota na gundi, kwenye joto lile, utarudi baada ya mwezi.

Nikamkumbuka mzee mmoja wa Ngamiani anayetengeneza redio. Yuko kwenye kibanda kidogo hivi, redio zimepangwa mpaka darini, nusu yake wenyewe wameshasahau kama waliziacha. Kabla ya kuichomoa distributa nilipiga alama za rangi kwenye shingo yake na pale rota ilipokuwa inaangalia, na nikaapa hamna mtu kuiwasha wala kuisukuma hiyo gari mpaka nirudi, maana injini ikizunguka umepoteza. Nikaifunga kwenye gazeti kama samaki nikapanda nayo bajaji.

Mzee, shikamoo. Marahaba mwanangu, umeniletea nini, hii sio redio. Nikamweleza. Akaivaa miwani yake, akaigeuza, akauvuta ule waya taratibu kwa kibano, na ganda lake likarefuka kama mpira wa peremende. Unaona, akasema, shaba ingekuwa nzima ganda lisingevutika. Akalichana. Ndani shaba ilikuwa ya kijani kabisa, unga. Akasema hii chumvi, sisi wa pwani tunakula hewa ya chumvi na vitu vyetu vinaila pia, redio zote hapa zinakuja na ugonjwa huu. Na mwenzake wa pili ulikuwa bado haujakatika ila umeshaanza, akasema hii inatoka yote, hatuachi mmoja.

Hapa naomba nikae kidogo maana ndo kazi nzuri niliyowahi kuona mwaka huu. Kwanza alikataa waya niliokuja nao, wa gari wa kawaida, akasema huu una nyuzi chache nene, utavunjika. Akatafuta kwenye droo zake akatoa kipande cha waya laini mno, nyuzi nyingi kama nywele, ganda lake kama la mpira ule wa silikoni usiogopa joto, akasema ulitoka kwenye waya wa tesa iliyokufa. Akakata, akalehemu, na lehemu yenyewe aliweka kidogo sana, akaniambia watu wanafikiri ukijaza risasi ndo imara, kumbe risasi ikipanda ndani ya waya inaugeuza msumari, na utavunjika palepale risasi inapoishia. Kwaiyo kiungo akakiweka karibu na koili kabisa pale pasipokunjwa, akakivika kimpira kile cha kubana kwa moto, akakifunga kwa uzi wa kushonea viatu kisicheze, afu ndo akauachia waya urefu wa ziada, ukapinda kama mkia wa paka, akanishika mkono akanifanya nilizungushe lile bamba kwa kidole mbele nyuma, mbele nyuma, tuone kama waya unavutika popote au unagusa ile nyota. Haukugusa. Tukapima na tesa huku nazungusha, 160 haikutingishika. Tukapima na uwazi kati ya nyota na koili kwa vile vibati vya fila geji nilivyoazima, unatakiwa milimita 0.2 mpaka 0.4, ukaingia wa 0.3 kwa kujikwangua kidogo, nikauacha hivyo.

Shilingi ngapi mzee? Elfu tano. Nikampa kumi, akakataa, nikaiacha chini ya redio.

Jioni nikaifunga. Na hapa niliharibu kidogo, niseme tu ukweli. Waya mpya zote mbili zilikuwa rangi moja, nyeusi, na mi wakati nazichomeka kwenye ile plagi sikuziwekea alama, nikasema mbili ni mbili tu. Gari ikawaka kwa shida, ikawa inanguruma kinyongenyonge kama imeamshwa na simu, taa ya taimingi, ile ya kupimia wakati wa cheche, inaonyesha alama inarukaruka haitulii. Nikapata jasho la ghafla. Nikafikiri rota nimeiweka jino moja pembeni, nikafungua nikaangalia alama zangu za rangi, ziko sawa. Nikakaa kwenye ndoo kama robo saa hivi mpaka ikaja kichwani, ishara ya kikoili ina upande, ukizigeuza waya ignita inasoma jino kinyume, cheche inakosea wakati. Nikazigeuza. Ikawaka mara moja, ile mlio wa zamani, mlio wa baba. Tukapiga taimingi kwa ile karatasi iliyoko chini ya boneti, mpira umechomolewa na kuzibwa wakati unapima, usisahau hilo, ukipima na mpira umechomeka na injini iko juu kidogo utapata namba ya uongo. Afu bolti nikaitoa, nikaurudisha mpira kwenye kopo. Nikanyonya kwanza lakini. Injini ikapanda sauti taratibu, ikakaa, haikushtuka. Watoto hata hawakuja kuangalia safari hii.

Kesho yake nilikuwa na zamu ya machungwa. Asubuhi nikayaleta Mgandini, haikunipa wasiwasi maana na mzigo haijawahi kukohoa, mtihani ulikuwa jioni. Jioni tukapakia matenga matupu, shangazi akapanda, nikapita Kange, nikapita Pongwe, gia ya tano, nikaulaza mguu kwenye 80, nikashika usukani kwa mikono miwili kama mtu wa leseni ya jana. Inavuta. Laini, na ule uvivu wa bolti umeondoka, mguu unagusa tu. Nikawa nasubiri shangazi aseme kitu maana yeye ndo daktari aliyegundua, nikageuka nikamkuta amelala, kichwa kimeegemea kwenye mlango mdomo wazi, na huyu mtu kwa miezi mitatu hajawahi kusinzia kwenye gari yangu.

Nilimwamsha Muheza mlangoni kwake. Nikamwambia shangazi haijakohoa. Akajifunga kanga vizuri, akashuka, akasema nimeona, nenda kamwambie babu, ila mwanangu na hili dirisha lako la upande wangu halipandi mpaka juu, vumbi lote limeniingia kinywani.